Usimfuate Tarsis

Makambako
12 Machi 1953

Mama Margareth, mke wangu,

Kamwene. Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na baba na mama na wote wa hapo Kifanya. Mimi mwili haujambo. Kazi ya ghalani inaendelea, magunia yanaingia na kutoka, na upepo wa Makambako unaujua mwenyewe, unapenya mpaka ndani ya mifupa.

Barua zangu za mwaka jana hukuzijibu. Leo naandika tena kwa sababu kuna jambo. Mwezi wa sita Malkia anatawazwa huko kwao Ulaya, na Bwana DC ameagiza sherehe kubwa uwanjani Njombe: gwaride, ngoma, mbio za magunia, na mwisho ngumi. Wamenichagua mimi kwa upande wa Makambako. Upande wa Uwemba wamemtoa Tarsis.

Ni Tarsis yuleyule, seremala, mashoto, aliyenishinda Iringa mwaka jana mwezi wa saba. Najua mwezi huo hupendi kuusikia. Mimi pia siupendi.

Idda, nimepigana tangu jeshini, na katika watu wote niliokutana nao, wa Nyasa, wa Uganda, wa Kenya, hakuna aliyenishinda ila huyo mmoja. Wenye nguvu kuliko yeye nimewaangusha. Yeye hana nguvu. Shida yake ni kwamba hayupo. Unatupa ngumi, hayupo. Unamfuata, amekwisha kuondoka, na ukiinua mguu umfuate tena, mkono wake wa kushoto umeshafika usoni kwako. Raundi sita nilimkimbiza kama mtu anayekimbiza kofia yake kwenye upepo. Watu walicheka.

Nahumu ananizoeza jioni akirudi safari. Lakini unamjua, yule ni dereva wa lori, na ushauri wake ni mmoja tu: ongeza mwendo. Wewe ndiye uliyekuwa ukinitazama tangu mwanzo. Tukirudi nyumbani ulikuwa unasema, "Ulishusha mkono wa kulia," nami nabisha, kisha nakuta ni kweli. Tarsis ulimwona alipopigana na yule askari polisi pale Njombe. Niambie uliona nini.

Nikimshinda, naacha ngumi. Naapa. Nataka kulimaliza jambo hili nikae na mke wangu.

Ni mimi mumeo,
Lukas Mgaya


Kifanya
5 Aprili 1953

Kwa Lukas Mgaya,

Barua yako nimeipata kwa mkono wa Nahumu. Leo ni Pasaka. Tumetoka kanisani sasa hivi na mama anapika.

Unaniandikia habari za Tarsis. Tangu tumzike mtoto hujaniuliza ninalalaje. Hujauliza kama ninakula. Unauliza habari za mkono wa kushoto wa seremala wa Uwemba.

Baba hataki nikujibu. Anasema mtu aliyekuja kupiga kelele langoni kwake mbele ya majirani, akitaka kumpakia binti yake kwenye lori kama gunia la mahindi, si mtu wa kujibiwa. Nimekujibu kwa sababu tulifunga ndoa mbele ya madhabahu, na kwa sababu nimechoka kunyamaza.

Kuhusu ngumi sina la kukuambia. Kama unataka kuacha, acha leo. Anayetaka kuacha kweli hangoji kwanza ashinde.

Idda binti Efraimu


Makambako
19 Aprili 1953

Mama Margareth,

Unalalaje? Unakula? Nimeandika maswali haya nikayatazama, nikaona aibu, maana yanaonekana kama nimeyanakili kutoka kwenye barua yako. Lakini nayauliza kweli. Nimempa Nahumu blanketi na sukari akuletee. Blanketi ni zito, la jeshi.

Ulivyosema kuhusu kuacha nimekuelewa. Lakini siwezi kuacha siku ile ikiwa imebaki kama ilivyo. Sijui nisemeje. Kuna mambo ya Iringa ambayo kila nikishika kalamu yananishinda. Nikipigana na Tarsis mara ya pili, hata kama hakuna kinachorudi, angalau siku ile haitakuwa ndiyo ya mwisho.

Nahumu amenipatia kijana mmoja mashoto anayefanya kazi kwenye shamba la miwati, ya kubandua magome ya miti, anaitwa Silvesta, ili nijizoeze naye. Juzi amenipasua juu ya jicho. Namfuata tu. Nikimwona anarudi nyuma, miguu yangu inakwenda yenyewe. Mganga wa zahanati amenishona, akasema mara nyingine itakuwa jicho lenyewe.

Sikuandikii hivi ili unionee huruma.

Mumeo,
Lukas


Kifanya
8 Mei 1953

Baba Margareth,

Nahumu amefika. Nilimuuliza hali ya jicho lako, akatazama chini, akasema, "Shemeji, mumeo ataharibika." Basi nakuandikia. Si kwa ajili ya ushindi. Sitaki uje kuishi kipofu.

Tarsis nilimwangalia vizuri siku ile, kwa sababu wanawake wenzangu walikuwa wakimcheka kwamba anacheza kama mwari. Mimi sikucheka. Yule mtu hatazami mikono. Anatazama miguu yako. Ukiinua mguu wa mbele umfuate, ameshajua utakapotua, naye anakungojea pale. Ngumi zake zote anazipata kwa mtu anayemjia. Askari alipochoka akasimama kidogo kuvuta pumzi, Tarsis naye alisimama, akawa anatazama huku na huku. Hakuwa na la kufanya. Maisha yake yote watu wamemkimbiza, naye amejifunza kukimbizwa tu. Hakuna aliyewahi kumwacha.

Kwa hiyo usimfuate. Kaa katikati ya ulingo kama mtu aliye nyumbani kwake. Yeye mwachie kamba. Watu watakuzomea. Waache wazomee.

Akienda kushoto au kulia, usimkimbilie. Wewe sogea kando hatua moja, umzibie njia, kama unavyomrudisha mbuzi zizini. Mbuzi humkimbizi mkia, unamzibia mlango. Mguu wako wa kushoto uwe nje ya mguu wake wa kulia, hapo mkono wake wa hatari unakuwa mbali nawe.

Na la mwisho, hili nililiona mara nyingi. Muda wote anatembea kwa vidole. Akitaka kupiga kwa kushoto, kwanza anashusha kisigino cha kushoto mpaka chini, kama mtu anayejiandaa kujitwisha ndoo. Ukiona kisigino kimegusa chini, piga mbavu kwa kulia. Usipige kichwa. Kichwa hukipati. Mbavu hazikimbii.

Blanketi limefika, ahsante. Nalala vibaya. Nakula kidogo. Nina shauri langu mwenyewe, nitakuambia sherehe zikipita, usije ukalifikiria ukiwa ulingoni.

Idda


Makambako
21 Mei 1953

Mke wangu mpenzi,

Ungekuwepo ungecheka! Jana nilisimama katikati, Silvesta akanizunguka mpaka akachoka, kisha akaniambia, "Kaka Lukas, mbona huji?" Nikamwambia, "Njoo wewe." Akaja. Nikaona kisigino. Akakaa chini kwenye vumbi akishika mbavu, na Nahumu akarusha kofia juu.

Kusimama ni kugumu kuliko kupigana. Mwili wote unataka kwenda, nami nauambia, tulia, Idda amesema.

Na hilo shauri lako, usiniambie sasa, nami nitajifanya sijui. Lakini nimepaka nyumba chokaa. Paa la jikoni nimeliezeka upya. Kitanda nimekipeleka kwa fundi, kile kilichokuwa kinalia. Mama Nikodemo jirani yetu ananiuliza kila siku, "Anarudi lini?" namjibu, "Baada ya Malkia."

Nitakutafuta kwa macho uwanjani. Vaa kitambaa chako cha bluu nikuone.

Lukas wako


Makambako
5 Juni 1953

Idda wangu,

Nimemshinda. Nimemshinda! Nahumu atakusimulia kwa kelele, lakini nataka usikie kwangu.

Asubuhi ile kulikuwa na ukungu mpaka gwaride likapita tunasikia buti tu. Jua lilipotoka uwanja ulikuwa umejaa, kuanzia Bomani mpaka barabarani. Refa alikuwa Mzungu wa polisi. Tarsis alinipa mkono akatabasamu, alijua nitakuja mbio.

Raundi ya kwanza nikasimama. Akanizunguka. Nikageuka naye tu. Hakuna aliyepiga ngumi ya maana. Raundi ya pili vilevile. Watu wakaanza kuzomea, na wa kwanza kuzomea walikuwa watu wetu wa Makambako. Mmoja akapiga kelele, "Mgaya, umekuja kupiga picha?" Masikio yakawaka moto. Miguu ikataka kwenda, Idda, ilitaka mno. Nikajiambia, mimi niko kwangu, huyu ndiye mgeni.

Raundi ya tatu nikaanza kumzibia mlango kama ulivyosema. Kila anakotaka kupita, nipo. Tabasamu likaisha. Akawa anatazama kona yake kama mtu anayeuliza njia. Raundi ya nne alikuja mwenyewe. Nilikiona kisigino kinashuka, nikapiga mbavu, nikasikia pumzi yote inamtoka. Akaja tena, kwa sababu sasa alikuwa na hasira. Kisigino, mbavu. Raundi ya tano mikono yake ilishuka kuzilinda, na hapo ndipo kile kichwa kisichopatikana kikapatikana. Nilipiga ngumi moja. Akapiga magoti, refa akahesabu, hakuinuka.

Walinibeba juu. Bwana DC alinipa kikombe. Mimi nilikuwa juu ya mabega ya watu nikikitafuta kitambaa cha bluu. Nikaona vingi, chako sikukiona. Nahumu anasema labda baba alikukataza. Haidhuru. Tarsis nilikwenda kumwona baadaye, anapumua vizuri, tumepatana.

Nimeacha. Glovu nimempa Silvesta. Sasa niambie lile shauri lako, nije na lori Jumamosi gani?

Mumeo,
Lukas


Kifanya
14 Juni 1953

Baba Margareth,

Nilikuwepo. Nilikuwa nyuma ya akina mama wa Uwemba, upande wa miti, na sikuvaa kitambaa cha bluu. Sikutaka unione.

Niliona kila kitu. Wenzangu walipokuzomea nilifumba macho, nikisema moyoni, sasa atakwenda. Nikafumbua, bado umesimama. Ulikuwa unamtazama yule mtu. Akigeuka, unageuka naye. Hukumharakisha. Ulimngoja mpaka akaja mwenyewe na yote aliyokuwa nayo.

Nililia pale, na mama mmoja akadhani mimi ni ndugu wa Tarsis.

Lukas, miaka yote tuliyokaa pamoja sikujua kwamba unaweza kumngoja mtu. Nikianza kukuambia jambo, unalimalizia wewe. Nikilia, unatoka kwenda kuninunulia kitu. Nikinyamaza, unanifuata chumba kwa chumba, "Una nini? Una nini?" mpaka nasema sina kitu ili nipumue. Mtoto alipokufa nilitaka ukae chini nami tu, hata bila kusema. Ulikuja na lori. Nilidhani ndivyo ulivyoumbwa, na mtu hawezi kumlaumu mwenzake kwa alivyoumbwa. Kumbe unaweza. Nimekuona ukimfanyia seremala wa Uwemba.

Na Iringa. Ulipelekewa habari kwamba mtoto ni mgonjwa. Nahumu alikufikishia kabla hujapanda ulingoni, najua. Ukapanda. Sijawahi kukuuliza kwa sababu niliogopa jibu.

Shauri langu ni hili. Wamisheni wa Tandala wamekubali kunichukua nijifunze kuhudumia wagonjwa. Nimeomba tangu Februari. Naondoka wiki hii. Usije na lori.

Idda


Makambako
28 Juni 1953

Shemeji Idda,

Mimi si mtu wa kuandika. Namwandikisha mwenzangu wa posta maneno haya, na Lukas hajui. Barua hii itakufuata Tandala.

Mumeo alinipa barua yako niisome. Alikwenda akakaa nyuma ya ghala.

Mimi ndiye niliyempelekea habari Iringa, na mimi ndiye ninayejua ilivyokuwa. Nilimkuta ameshavaa glovu. Nikamwambia mtoto ana surua kule Kifanya kwa babu yake, na mama yake anamwita. Akaanza kuzivua kwa meno. Akaniambia, "Washa gari." Nikamwambia gari limejaa mizigo ya watu, linashushwa, haliwezi kutoka kabla ya jua kuzama, na hakuna gari jingine la kwenda kusini siku hiyo. Alitoka mwenyewe barabarani akauliza, hakupata. Akarudi, akasema, "Basi nitammaliza mapema, pengine na wewe utakuwa umeshamaliza."

Watu walisema alimkimbiza Tarsis kwa uchu wa ushindi. Shemeji, alikuwa anaikimbilia barabara. Kila raundi ikiisha alikuwa haniulizi habari za Tarsis, anauliza, "Wameshusha?" Tulisafiri usiku kucha bila kusimama. Tulipofika mlikuwa mmekwisha kuzika. Mtoto alikuwa amefariki hata kabla sijafika Iringa.

Nilitaka kukuambia zamani, akanikataza. Alisema, "Nikijitetea juu ya mtoto wangu nitakuwa mtu gani?"

Ni mimi shemeji yako,
Nahumu


Tandala
26 Julai 1953

Baba Margareth,

Barua ya Nahumu imenifikia huku. Nimeisoma mara nyingi, na kwa siku kadhaa sikuweza kukuandikia.

Nisamehe kwa habari ya Iringa. Mwaka mzima nilikuona akilini ukifungwa glovu huku mtoto akimwita baba yake. Kumbe ulikuwa ukizivua kwa meno. Jambo hili ungeniambia, Lukas. Ningekuzomea kwanza, kisha ningeamini. Sasa naliamini, lakini halina tena pa kuingia. Nimejaribu kuliingiza.

Nitakuambia ukweli, nawe usinikatize, maana kwenye barua huwezi kunikatiza. Margareth alikuwa na paji la uso lako. Hata alivyokuwa akikunja uso kabla ya kulia ni wewe. Nikikutazama namwona. Uwanjani pale Njombe, ulipokuwa umesimama, nilimwona yeye ndani yako kwa raundi zote tano, na nilipofika nyumbani sikuweza kuinuka kitandani siku mbili. Siwezi kuishi na uso huo kila asubuhi. Si kosa lako. Wala si langu, nimeanza kuamini hivyo.

Huku kazi ni nyingi. Tunaamka kabla ya kengele, tunachemsha maji, tunafua mashuka. Wiki iliyopita mtoto mmoja wa surua alipona, akaondoka akiwa mgongoni kwa mama yake, akinipungia mkono. Nikaenda nyuma ya jiko nikalia mpaka mkuu wetu wa wauguzi, Dada Emerensiana, akanifuata. Hakuuliza kitu. Alikaa chini kwenye kuni, tukakaa.

Usiningoje. Najua sasa kwamba unaweza, ndiyo maana nakuomba usifanye hivyo. Baba nimemwambia asikuzuie tena kupita pale nyumbani.

Mungu akulinde.

Idda


Makambako
23 Agosti 1953

Idda,

Nimepata barua yako. Nimeisoma mpaka mwisho kabla ya kusimama.

Sitakuja Tandala. Nahumu alisema twende, lori linakwenda Njombe na kutoka pale tungepata njia, nikamwambia hapana. Nyumba nimemwachia Mama Nikodemo akae na wanawe, mimi nalala ghalani. Nyumba ile ni kubwa mno kwa mtu mmoja.

Ila Jumapili iliyopita nilikwenda Kifanya. Nilishuka barabarani, nikapanda mpaka kule nyuma ya kanisa mnakozikia. Mwaka jana nilipofika mlikuwa mmetoka kuzika, na badala ya kuomba nionyeshwe alipolala mtoto wangu, nilisimama langoni nikikudai wewe. Nililiwaza jambo hili njiani kote. Sikuwahi kufika pale.

Nilidhani nikifika nitajua tu. Sikujua. Mwaka ule surua ilichukua wengi, na makaburi madogo ni mengi, yamepangana. Misalaba ya miti mingine imeanguka, mingine mvua imefuta majina. Nilipita moja baada ya jingine. Mama mmoja aliyekuwa na jembe alinisalimu akaniuliza, "Unamtafuta nani, baba?" Nikashindwa kumwambia. Nikamjibu napita tu. Baba mtu mzima anawezaje kumuuliza mgeni kaburi la mwanawe ni lipi? Kwa wazazi wako pia nilifika mpaka kwenye ua, nikasikia mama yako anaongea ndani, nikarudi.

Majani yalikuwa marefu. Niliazima jembe la yule mama. Nimeyapalilia yote, yale madogo yote, mpaka jua likawa limeinama, na misalaba iliyolala nimeisimamisha.

Sikuombi urudi. Naomba uniandikie mstari mmoja tu, au umwambie Nahumu kwa mdomo akipita. Yeye ni yupi?

Lukas